Andakoti ipi chini ya rangi kali? Nyeupe, kijivu, ya chumvi na ile ya ujanja ujanja

Mimi ni fundi rangi hapa Dar, napiga nyumba za watu, fremu za biashara, saluni, chekechea, kwa hiyo hii rivyu sio ya mtu aliyepaka chumba chake kimoja akafurahi. Kampuni sipigii debe wala siponde, ukiingia hadiwea yoyote utakuta Crown, Goldstar, Coral na wengine kibao, na kampuni kubwa karibu zote zina andakoti, yaani rangi ya chini inayotangulia, za aina zile zile, jina la kwenye ndoo ndo linabadilika. Ninachopima hapa ni aina ya andakoti na RANGI ya andakoti, maana hilo la pili watu hawalifikirii kabisa. Mteja anakuja na picha kwenye simu, ukuta mwekundu unawaka, anabishana na wewe nusu saa kuhusu kampuni ya finishingi, yaani rangi ya juu ya mwisho, halafu ukifika kwenye andakoti anakuambia chukua tu nyeupe yoyote ya bei rahisi fundi, si inafunikwa. Hapo ndo hela inapoanzia kupotea.

Kwanza tuelewane kwa nini rangi kali inasumbua. Rangi nyeupe imejaa unga wa titanium dioksaidi na huo unga ndo unaofunika, yaani mwanga ukigonga pale unarudi, hauvuki kwenda kukuonyesha kilichopo nyuma. Krimu, pichi, kijivu cha mbali, bluu ya mpauko, zote zinatengenezwa juu ya besi, yaani rangi ya kuanzia, nyeupe yenye huo unga wa kutosha, zinadondoshewa rangi kidogo tu, ndo maana koti mbili, yaani kupaka mara mbili, zinatosha na mteja anakuona fundi hodari. Sasa nyekundu ya kuwaka huwezi kuitengenezea kwenye besi hiyo, itatoka pinki utake usitake. Kwa hiyo mashine inadondoshea rangi nyingi kwenye besi ya wazi, ambayo haina ule unga au inao kiduchu sana, na zile rangi zenyewe za nyekundu na njano zinazowaka nyingi kwa asili yake zinapitisha mwanga. Nyekundu kali ni dera jepesi na andakoti ndo shimizi, ukivaa shimizi ya ajabu ajabu mtaa mzima utajua.

Halafu madukani kila kitu kinaitwa andakoti wakati ni vitu viwili. Praima kazi yake ni kuushika ukuta, kuziba vitundu, kuzuia ukuta usinywe rangi. Andakoti yenyewe kazi yake ni kufunika kilichokuwepo na kuweka rangi moja chini ili finishingi ikae juu ya kitu kinachofanana kila mahali. Zipo zinazofanya yote mawili na ndo nyingi tunazonunua, ila soma ndoo bana, usimsikilize kijana wa kaunta peke yake.

Nianze na hiyo nyeupe ya maji ya kawaida maana ndo mama wa zote. Kama imetengenezwa vizuri ni bidhaa safi sana, inakauka haraka, haina harufu ya kukukimbiza, inapiga msasa vizuri, na ina ukavu fulani ambao silki, ile finishingi yenye mng'ao kidogo, ikipita juu inashika. Kwa rangi za mpauko naipa tano kati ya tano sina ubishi. Kwa njano pia, nitakuja huko. Kwa nyekundu naipa mbili. Sio kwamba ni mbovu, imewekwa mahali ambapo sio pake.

Mfano ni fremu moja ya kuonyeshea mpira huko Tabata. Aliyekuwepo mwanzo ni Mwananchi, shabiki wa Yanga, ukuta mzima kijani na mkanda wa njano juu, aliyeichukua ni Msimbazi damu, shabiki wa Simba, anataka nyekundu, na akasisitiza nyekundu ya jezi sio ya tofali. Na hataki andakoti, anasema si ukuta una rangi tayari, unapiga andakoti ya nini tena. Nikamwomba sehemu ya nyuma ya friji, pale ambapo hata ikiharibika hakuna anayeona, nikaigawa vipande vitatu kwa selotepu ya karatasi. Kipande kimoja nyekundu moja kwa moja juu ya kijani, kingine andakoti nyeupe kwanza, cha mwisho andakoti ile ile ila imetintiwa, yaani imetiwa rangi, ikawa kijivu cha kati.

Kile cha juu ya kijani kilitoka damu ya mzee, tena damu ya mzee iliyochoka, kwa sababu kijani na nyekundu zikikutana zinauana, kila moja inameza mwanga wa mwenzake, na ukiongeza koti inasogea taratibu mno. Bosi akacheka mwenyewe akasema Yanga wamegoma kutoka. Kile cha nyeupe koti ya kwanza ikawa pinki yenye mistari ya rola, ya pili ikawa nyekundu yenye mawingu, kila ulipokandamiza rola panajulikana na kila ulipoachia panajulikana, na kwenye kona zilizokatwa kwa brashi weupe unachungulia, ukiwasha taa ya pembeni ndo aibu kabisa. Kile cha kijivu koti ya kwanza ilikuwa mbaya, sifichi, imefubaa, ina giza, bosi akaniangalia kwa jicho la kuuliza hela yangu iko wapi. Koti ya pili ikafunga. Ya tatu ilikuwa ya kunogesha tu, na kwenye ukuta mzima ndo tukaenda hivyo hivyo.

Kwa nini kijivu, watu wengi hawaamini mpaka waone. Jicho la binadamu linakamata tofauti ya mwanga na giza haraka kuliko linavyokamata tofauti ya rangi. Nyekundu kali sio rangi nyepesi, ina giza la kati, na nyeupe iko mbali nayo kabisa, kwa hiyo popote finishingi ilipokaa nyembamba pale jicho linapaona. Ukiweka kijivu chenye giza sawa na la ile nyekundu, palipo nembamba na palipo nene panakaribiana, na mawingu yanapungua. Huu sio uchawi wa mafundi wa Buguruni, huko Marekani Sherwin-Williams wana ngazi kabisa za andakoti za kijivu, kuanzia P1 mpaka P6, na kwa rangi nzito unaambiwa hii ikae juu ya kijivu namba fulani. Huku kwetu kadi za rangi nyingi ninazokutana nazo haziandiki hivyo kwa hiyo inabidi ujiongeze.

Kujiongeza kwenyewe ni rahisi. Chukua kadi ya rangi uliyochagua, iweke pembeni ya kadi ya vijivu mbalimbali, sehemu yenye mwanga wa mchana, piga picha na simu kisha igeuze nyeusi na nyeupe. Kijivu kile ambacho kwenye picha kinafanana na rangi yako, usijue ipi ni ipi, ndo hicho. Mteja ukimfanyia hii mbele yake anaacha ubishi palepale, na wengine wanaanza kupima mpaka nguo zao.

Kuna mafundi wenzangu wanapiga pinki chini ya nyekundu, wanasema rangi ifuate ukoo wake. Ni bora kuliko nyeupe, nawapa hilo, na kama nyekundu yako inaelekea upande wa waridi waridi inakubali vizuri tu. Ila pinki bado ni nyepesi mno kwa nyekundu ya kweli, mawingu yanabaki. Wengine wanapiga redi oksaidi ile ya mageti, jamani, ile ni ya chuma, kazi yake ni kuzuia kutu, ukutani haina kazi.

Sasa hesabu maana najua ndo mnaisubiri. Chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 3, kuta nne ni mita za mraba 36, toa mlango na dirisha baki na kama 32. Ndoo nyingi za rangi ya maji zinaandika lita moja inapita mita za mraba 10 mpaka 12 kwa koti moja kwenye ukuta laini, tuchukue 10 maana ukuta wetu tunaujua. Kwa hiyo koti moja ni lita 3 na kidogo, karibu galoni nzima ya lita 4. Nyekundu juu ya nyeupe ni kawaida kabisa kufika koti nne au tano, hapo umekula lita 13 hadi 16. Juu ya kijivu ni mbili au tatu, lita 6 na nusu hadi 10. Na kumbuka silki nyekundu bei yake kawaida iko juu kuliko nyeupe ya daraja lile lile, maana rangi za kutintia ndo zenye gharama, wakati andakoti ni ya bei ya chini na kuitinti kijivu kunaongeza hela ndogo tu. Bado hujahesabu siku za fundi. Mtu anakwepa kununua andakoti sahihi halafu anamlipa fundi kurudia rudia, mimi kama fundi ningenyamaza tu nile hela lakini mgongo nao unauma.

Tahadhari ya kutinti. Andakoti inapokea rangi kwa kiwango, ukizidisha inachelewa kukauka na inakuwa laini laini, ukucha unaingia, kwa sababu ile rangi ya mashine ina vimiminika vinavyochelewa kukauka. Kijivu cha kati hakina shida, nyeusi kidogo inatosha. Shida inakuja mteja akitaka andakoti iwe nyeusi tii au nyekundu kabisa, hapo duka likikukatalia liko sahihi. Na kuchanganya kwa mkono na staina nyeusi, ile rangi nzito ya kuchanganyia, inawezekana, nimeona wengi tu wanafanya, ila ukoroge haswa, chini mpaka juu, na uchanganye ya kutosha ukuta wote kwa mara moja, maana ukirudia kuchanganya haipati tena kijivu kile kile na utaona mpaka wa jana na leo mpaka kwenye finishingi.

Njano sasa. Hapa sahau kijivu. Nimekuta kazi ya mtu kwenye chekechea moja, alisikia habari za kijivu akapiga kila mahali, njano ikatoka na ukijani wa ajabu, watoto darasani utadhani wanaumwa. Njano ikikaa juu ya kitu chenye weusi weusi inageuka kijani, hata kwenye kopo ukidondoshea nyeusi kwenye njano unaiona inavyogeuka. Njano yenyewe ni rangi nyepesi sana, ina mwanga mwingi, kwa hiyo nyeupe ndo iko karibu nayo. Andakoti nyeupe safi, koti mbili mpaka ukuta uwe mweupe kweli, doa la zamani lisionekane hata kidogo, halafu njano. Mwanga unapita kwenye njano unagonga nyeupe unarudi, ndo kile kuwaka unachokitaka. Kwa njano ile iliyokolea inayoelekea chungwa naomba andakoti itintiwe krimu kwa kutumia njano ya oksaidi, ile ya udongo, hiyo oksaidi yenyewe imefubaa lakini inafunika vizuri, inakupa msingi kisha njano ya kuwaka inakaa juu kupendezesha. Inapunguza koti moja hivi. Chungwa nayo ni hivyo hivyo, pichi au krimu chini.

Wazee wanasema njano ya zamani ilikuwa inafunika, siku hizi rangi zimechakachuliwa. Kuna ukweli wake ila sio uchakachuaji. Njano nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, zilifunika kweli na ziliwaka, lakini risasi ni sumu kwa watoto, inaharibu ubongo unaokua. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wanapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni. Kwa hiyo kwa chekechea nunua ndoo iliyoandikwa haina risasi, na kama ukuta una njano ya miaka mingi iliyopita usiupige msasa mkavu vumbi likaenea darasani, lowesha, tumia msasa wa maji, watoto wasiwepo.

Zile nyingine nitapita haraka. Bluu bahari na bluu za kukolea hazisumbui sana, rangi yake ina nguvu, nyeupe inatosha au kijivu chepesi kama ni bluu nzito. Chanikiwiti inakuwa na njano nyingi ndani kwa hiyo ifuate masharti ya njano, nyeupe. Kijani cha Yanga, kile kizito, kijivu cha kati kinakubali. Zambarau kijivu. Damu ya mzee haina shida kabisa, mara nyingi inachanganywa na oksaidi na nyeusi, inafunika yenyewe, hata ukikosea andakoti inakusamehe.

Ile ya chumvi sasa, yaani praima ya kuzuia alkali. Hii naipa tano lakini kwa kazi yake tu. Plasta mpya ya sementi ni kali sana, pH yake inafika 12 mpaka 13, na unatakiwa kuiacha ikomae siku 28 kabla ya kugusa rangi. Nani Dar anasubiri siku 28? Mtu kodi ya anapoishi inaisha mwisho wa mwezi anataka ahamie kwake. Ukipiga rangi ya mafuta juu ya plasta mbichi ule ukali unayageuza mafuta kuwa sabuni, kweli kabisa sabuni, ukuta unanata na kumenyuka. Rangi ya maji inavumilia zaidi ila zile rangi kali baadhi zinaunguzwa na ukali wa sementi, unaanza kuona mabaka yamepauka wakati pembeni pake pamekolea. Kwa hiyo kama nyumba ni mpya na unataka rangi inayowaka, hii praima kwanza, halafu juu yake ndo andakoti ya kijivu au nyeupe kulingana na rangi yako. Ndio ni hatua ya ziada, ndio ni hela. Ila isubirie angalau ukuta ukauke, maana hii sio dawa ya maji. Watu wanainunua wanadhani itazuia ile chumvi nyeupe inayotoka chini ya ukuta kila masika. Haitazuia. Ile chumvi inabebwa na maji yanayopanda kutoka chini au kuvuja kutoka bafuni, mpaka uyazibe maji ndo itaacha, vinginevyo itasukuma praima, andakoti, silki, vyote vinadondoka pamoja. Chumvi iliyopo ifute kwa brashi kavu kwanza, usiimwagie maji, inayeyuka na kurudi ndani kukusubiri.

Na ile ya ujanja ujanja mnaijua wote. Emalsheni, yaani rangi ya maji, nyeupe ya bei ya chini kabisa, imezimuliwa maji mpaka inachuruzika, fundi anaipitisha juu ya skimu, ile ya kulainishia ukuta, anasema andakoti tayari bosi. Naipa moja. Skimu ya jipsamu inakunywa maji kama nini sijui, inafyonza kile kigundi kidogo kilichomo kwenye rangi, unabaki na unga tu juu ya ukuta. Jipime mwenyewe, pitisha kiganja ukutani kikitoka cheupe ujue umepigwa, au bandika selotepu ya karatasi uing'oe uone inatoka na nini. Juu ya unga huo nyekundu yako itanyonywa vibaya, hapa imekolea hapa imepauka, na siku ukisogeza kabati inamenyuka bandiko zima. Sehemu moja tu naikubali, ni ukuta wa zamani uliokaa vizuri, msafi, unarudia rangi ile ile, hapo kwanza hata andakoti yenyewe huihitaji ya maana. Kuongeza maji kwenyewe sio kosa, ndoo nyingi zinakuambia koti ya kwanza unaweza kuzimua kwa asilimia fulani, shida ni huyu anayetaka ndoo moja izae mbili.

Kuhusu duka. Nilizunguka sana kutafuta wanaokubali kutinti andakoti maana pengi unajibiwa andakoti haitintiwi fundi, mashine ni ya finishingi tu, na ukisisitiza wanakuona mkorofi. Sasa hivi naenda kwa jamaa mmoja Gerezani pale Kariakoo, jina sitaji asije akasema nimelipwa. Anachofanya vizuri ni kwamba anasikiliza. Ukimwambia kijivu cha kati cha kukaa chini ya nyekundu haulizi maswali ya kejeli, anatinti, anapaka kidogo kwenye mfuniko unaona, na anaandika kwenye mfuniko ametia nini na kiasi gani, kwa hiyo ukipungukiwa ukarudi wiki ijayo unapata kijivu kile kile. Hilo la kuandika mfuniko peke yake ni sababu ya kumpa nyota nne. Rangi za finishingi pia anakushauri uchukue zote siku moja na ukifika saiti uzimwage kwenye pipa moja uchanganye, ushauri mzuri huo, ndoo mbili za nyekundu ile ile zinaweza kupishana kidogo na ukutani zikikutana katikati utaona mstari.

Anachokera. Foleni, mashine ni moja na wateja ni jiji zima, ukifika saa tano asubuhi umechelewa. Kile kipande cha chini ya galoni ya lita 4 hatinti, hata kama una ukuta mmoja mdogo wa saluni, utachukua galoni utabaki nayo. Na yule kijana wake wa kaunta bado ana ugonjwa wa nyeupe, usipomshika mkono anakupakilia nyeupe kwenye bajaji na risiti ameshaandika, kwa hiyo fungua mfuniko kabla hujaondoka. Ukishatintiwa hairudishwi, hilo ni haki yake, nani atanunua kijivu chako.

Kitu cha mwisho mkienda pale, msikubali kuangalia rangi chini ya ile taa yao ya dukani, ni nyeupe sana inadanganya, na ile ya kwenye mfuniko akiikausha kwa feni haraka haraka bado haijatulia. Mimi naenda na kipande cha jipsamu bodi kimechorwa mstari mmoja mnene wa maka penu nyeusi, napaka andakoti nusu, napaka finishingi juu yake yote, natoka nacho nje kwenye jua la Msimbazi nakunywa kahawa mpaka kikauke. Mstari mweusi ukiwa bado unaonekana upande wa andakoti, narudi ndani tunaanza upya na kijivu kingine kabla ndoo kubwa hazijafunguliwa.